Usaili nilifaulu, kipimo kikaninyima kazi

SWALI: Nilifaulu usaili wa ukarani wa ghala hapa Dar es Salaam. Kwenye kupima afya niliulizwa kama navuta sigara, nikapimwa pia VVU. Kesho yake nikaambiwa nafasi imejaa. Hii ni haki?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Tutenganishe mambo mawili. Sigara haimo katika orodha ya ubaguzi uliokatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa hiyo hapo kinga yako ni ndogo.

VVU vimo, tena kwa jina, na kifungu cha 7 kinamlinda hata mwombaji kazi. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba kazi yenyewe inadai hivyo, lakini karani wa ghala anahesabu magunia na kujaza leja. VVU vinamzuia nini? Isitoshe, sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima ili aajiriwe.

Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipokataliwa. Beba nakala ya fomu ya daktari na ujumbe wote wa simu, usifute hata mmoja. Ukionyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.