Somo la Kilimo: Maji ya Mfereji na Haki ya Mkulima Mdogo

Mkulima angojaye mvua hana budi kutazama mbinguni. Mkulima wa mfereji hana budi kumtazama jirani yake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kilimo cha mvua na kilimo cha kumwagilia, na wengi hawaifahamu mpaka siku maji yanapopungua. Mvua humnyeshea kila mtu bila kumwuliza jina. Maji ya mfereji hupita kwanza kwa mmoja, ndipo yakamfikia mwingine.

Faida ya kumwagilia haina shaka. Duniani kote, mashamba yanayomwagiliwa ni kama sehemu moja tu katika tano za ardhi inayolimwa, lakini hutoa kama sehemu mbili katika tano za chakula chote. Kwa sababu hiyo serikali za nchi nyingi zinazoendelea zimetumia fedha nyingi kujenga mabwawa na mifereji. Hata hivyo, si kila mfereji uliochimbwa ulimtajirisha mwenye jembe. Ili sababu ijulikane, yafaa kutazama mahali pawili katika Kenya.

Mahali pa kwanza ni nchi ya Wamarakwet, kwenye mteremko wa Bonde la Kerio. Huko wenyeji wamekuwa wakiteremsha maji ya mito kwa mifereji yao wenyewe kwa muda wa karne kadhaa, wakitumia mawe, magogo, matawi na udongo. Mfereji ni mali ya ukoo, au koo kadhaa zilizouchimba pamoja. Maji hugawanywa kwa zamu, na wazee hukutana kuamua mashauri ya wale wanaogombana. Mfereji ukibomoka, wanaume huitwa kuutengeneza. Kasoro pia imo: kwa desturi, wanawake walikatazwa kushiriki katika kazi ya mfereji na mashauri yake, ingawa wao ndio waliolima sehemu kubwa ya mashamba. Lakini kila mtu alijua ni nani mwenye maji, na ni nani apaswaye kuziba ufa.

Mahali pa pili ni Mwea, katika Kirinyaga, kusini ya Mlima Kenya, penye maji ya mito ya Nyamindi na Thiba. Kazi ya kuchimba mifereji ilianza katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na mikono iliyochimba ilikuwa ya watu waliotiwa kizuizini. Kisha wakulima wakapewa kila mmoja ekari 4 hivi za kupanda mpunga. Mwaka 1966 sheria ya umwagiliaji ilipitishwa, na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikashika usimamizi.

Mpango ulikuwa hivi. Bodi ililima kwa trekta, ikaleta mbegu na mbolea, ikafungua na kufunga maji, kisha ikapokea mpunga wote isipokuwa magunia ya chakula cha nyumbani. Gharama zilikatwa, na baki likalipwa kwa mkulima. Mkulima hakuwa mwenye ardhi, bali mpangaji. Aliyevunja kanuni aliweza kunyang'anywa shamba. Kwa upande wa mavuno mpango huu ulifanikiwa, na Mwea ikasifiwa mbali na karibu.

Lakini mafanikio ya ghala si lazima yawe mafanikio ya nyumba. Wachunguzi waliochapisha habari za Mwea mwaka 1973 walieleza kwamba wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi ya majaruba, hali fedha zililipwa kwa mume. Nafasi ya kulima mahindi na maharagwe ilikuwa ndogo, na kuni zilikuwa adimu, hata mama aliyekuwa akijitegemea kwa shamba lake la chakula alilazimika kununua vitu hivyo, wala hakuwa na fedha mkononi. Walioandika mpango walihesabu magunia. Hawakuhesabu siku za kazi za mama huyo.

Manung'uniko juu ya bei na makato yaliongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 1998 wakulima wakakataa kupeleka mpunga wao kwa Bodi, na mapema mwaka 1999 ugomvi ukawa mkubwa hata watu wakapoteza maisha yao. Wakulima wakashika mambo wenyewe kwa njia ya chama cha ushirika. Sasa waliuza mpunga walikotaka, lakini wakaona upande wa pili wa jambo. Mifereji mikubwa ilihitaji mashine na mafundi. Mashamba mapya yalifunguliwa nje ya mipaka ya zamani, nayo yakanywa maji yale yale. Mwenye shamba la mwisho akabaki na tope lililopasuka.

Mwaka 2003 ikapatikana njia ya katikati. Bodi ilirudi kutunza mifereji mikuu. Wakulima, katika chama chao cha watumiaji wa maji, wakatunza mifereji midogo na kulipa ada ya maji. Na mpunga ukabaki mali ya aliyeulima. Tangu sheria ya mwaka 2019 Bodi imekuwa Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji, na mwaka 2022 Bwawa la Thiba lilikamilika ili kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya majira ya ukame.

Je, bwawa latosha? Hesabu ndogo itaonyesha. Ekari 4 ni kama meta 16,000 za mraba. Kuzifunika kwa maji yenye kina cha sentimeta 10 kwahitaji lita 1,600,000, yaani madebe 80,000 ya lita 20, kabla ya kuhesabu yale yanayokauka kwa jua na kuzama ardhini. Basi mtu mmoja wa juu akiacha lango lake wazi usiku kucha, humwibia jirani zaidi ya vile ambavyo mwizi ye yote angeweza kubeba begani.

Kuna njia ya kupunguza haja hiyo. Katika Madagascar, padre Henri de Laulanié pamoja na wakulima wa huko walitengeneza katika miaka ya 1980 namna ya kulima mpunga ambayo imejaribiwa Mwea tangu mwaka 2009. Miche hupandwa ingali michanga, ya siku 8 hadi 15. Mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimeta 25 kila upande. Wala jaruba halifurikwi daima, bali hunyweshwa, likaachwa likauke kidogo, kisha likanyweshwa tena. Mizizi hupata hewa, mche huchipua matawi mengi, na maji huokolewa. Lakini magugu huota kwa wingi zaidi pasipo maji ya kuyazamisha, na kazi ya kupalia huongezeka. Ikiwa kazi hiyo itawaangukia tena wanawake bila malipo, kosa la zamani litakuwa limerudi kwa mlango mwingine.

Mambo makuu ya somo hili ni manne. Kwanza, haki ya maji iandikwe na zamu ijulikane, ili wa mwisho apate sawa na wa kwanza. Pili, anayelima awe na sauti juu ya mazao yake na bei yake. Tatu, wanawake waingie katika kamati ya maji na wapate sehemu yao ya fedha, kwa kuwa jasho lao limo katika kila gunia. Nne, kila mtu ajue kipande chake cha mfereji, akisafishe kabla ya msimu, wala asingoje Serikali ije kuondoa majani yaliyo mbele ya nyumba yake.

Serikali yaweza kujenga ukuta wa bwawa. Haiwezi kusimama usiku penye lango la kila shamba. Hapo ndipo wakulima wenyewe hawana budi kulindana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mfereji huanza kwa mtu mmoja aliyeuona, akapita.