Taa ziko sandukuni, nizitoe?

Yaya, nakuandikia kutoka Kinsevere.

Ninaendesha lori kubwa kwa mkandarasi mmoja wa mgodi, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Zamani niliishi Johannesburg. Huko nililima bangi ndani ya chumba, kwa taa, miche michache tu, baada ya mahakama yao kuruhusu. Sikuuza hata jani. Niliporudi nyumbani mwanzoni mwa 2020 niliacha yote, na tangu hapo sijavuta. Lakini taa nilikuja nazo, na mbegu kidogo ndani ya kopo. Mke wangu anajua ni taa za kulelea vifaranga.

Sasa mtoto wetu wa kwanza anasoma Lubumbashi na chumba chake kimebaki kitupu. Kila nikipita pale nakumbuka asubuhi za Johannesburg: nafungua mlango, naona jani lililojikunjua usiku, nagusa udongo kwa kidole kujua kama unataka maji, nageuza chungu ili upande wa pili nao upate mwanga. Yaya, ile ilikuwa furaha. Tena usingizi wa mchana baada ya zamu unanishinda. Hii ni mimea ya mababu zetu, sheria ni ya Wazungu, na Zambia hapo jirani wamekwisha kuruhusu. Nianze tena polepole, au muda wangu umepita?

Papa wa Kinsevere

Papa, usianze. Nimetanguliza jibu kwa sababu barua yako ni ya mtu aliyekwisha kukipima chumba na sasa anatafuta wa kumwambia ingia.

Ulichokifanya Johannesburg sikulaumu. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi yake mwenyewe kwa faragha, na mwaka 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria ya jambo hilo. Kuuza bado ni kosa kwao. Wewe ulivuka mpaka wa Kasumbalesa na taa. Uamuzi wa majaji ukabaki huko. Hapa kwetu Kongo bangi ni marufuku tangu amri ya tarehe 1 Machi 1903, enzi za Mfalme Leopold, na mpaka leo ni marufuku. Kuhusu Zambia, umesikia nusu ya habari. Sheria walizopitisha mwaka 2021 ni za leseni, kwa ajili ya dawa, utafiti na viwanda. Mtu wa Kitwe mwenye vyungu vinne chumbani hana leseni, na polisi wakibisha hodi atakuwa na shida ileile utakayokuwa nayo wewe.

Kwamba sheria ilitoka kwa Wazungu, ni kweli. Kwamba mababu walivuta, pia ni kweli, na Lubumbashi imejaa watu wa asili ya Kasai wanaoweza kukusimulia. Wasafiri Wajerumani Wissmann na Pogge walipofika kwa Wabashilange wa Kasai mwaka 1881, walikuta watu waliojiita Bena Riamba, wana wa bangi, chini ya Kalamba Mukenge. Bangi ilikuwa sehemu ya dini yao mpya na ya amani yao. Lakini soma vizuri habari hiyo, Papa. Walivuta pamoja, hadharani, mbele ya chifu wao, na kila mmoja alijua mwenzake ana nini mkononi. Wewe unataka kufunga chumba kwa kufuli na kumwambia mama wa nyumba kwamba humo mna vifaranga. Mababu usiwaingize katika jambo hilo.

Tena jiulize kwa nini iwe chumbani. Haut-Katanga ina jua la kutosha. Hata Juni, siku zinapokuwa fupi, tunapata zaidi ya saa kumi na moja za mwanga. Hapa taa haihitajiki na mmea, inahitajika na woga. Na taa yenyewe utaiwasha kwa umeme gani? Taa moja ya wati 600 ikiwaka saa 12 inakula zaidi ya kilowati-saa 7 kwa siku. Mgodi wa Kinsevere, unaotoa shaba safi ya bamba tangu 2011, huwasha majenereta ya dizeli shirika la umeme, SNEL, linapopungukiwa. Wewe utawasha jenereta lako dogo saa nane usiku, na kufika asubuhi majirani watatu watakuwa wameuliza Papa anapoza nini humo ndani. Harufu yenyewe haijui kufuli. Sijataja nyaya kuukuu karibu na maji, ndani ya chumba chenye kitanda cha mtoto.

Nije kwenye lori, maana hapo ndipo ninapoogopa hasa. Makampuni ya migodi hupima pombe na dawa za kulevya. Soma mkataba wako. Aliyevuta mara moja, mkojo wake unaweza kumsema kwa siku chache. Anayevuta kila siku unaweza kumsema hata mwezi mzima, wakati kichwa chake kilishatulia zamani. Kwa hiyo hoja ya kwamba utavuta siku ya mapumziko tu haikulindi. Na ukitaka kurudi baada ya miaka yote hiyo, ujue mwili wako umesahau. Kiasi ulichokizoea zamani kitakupiga kama mgeni. Bangi nayo imebadilika: iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa asilimia 4 ya kemikali inayolevya, na kufikia 2014 wastani ulikuwa kama asilimia 12. Huwezi kujua mbegu za kopo lako ziko upande gani mpaka zikushike. Dereva wa lori la tani nyingi, kwenye barabara ya kushuka shimoni, hana nafasi ya jaribio la namna hiyo.

Usingizi wa mchana ni tatizo la kweli na wenzako wengi wa zamu wanalo. Pazia zito jeusi, simu nje ya chumba, chai na kahawa ziishe mapema kabla ya zamu kwisha, na watoto waambiwe Papa akilala mchana ni kama usiku. Ikishindikana, mwone daktari na umwambie unabadilisha zamu kila wiki. Bangi humlaza mtu, sikatai. Ila aliyeizoea akiikosa, usingizi huwa mbaya kuliko mwanzo, na ndoto zake zinatisha.

Sasa niseme nilichokiona katika barua yako. Kuvuta umekugusia kwa neno moja, tena ili kuniambia umeacha. Jani, udongo, kidole, chungu, mwanga: hayo umeyaandika kwa mapenzi. Papa, wewe hukosi moshi. Unakosa kitu cha kulea, mtoto wako ameondoka nyumbani, na unapita mlangoni kwake kila siku. Nadhani hilo hujalisema kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake, ambaye bila shaka naye anapita mlangoni hapo.

Mikono uliyonayo ni ya mtunza kitalu. Masika, nyanya zinaoza mashambani kwa ugonjwa wa majani, bei sokoni Lubumbashi inapanda, na nyingine tunazipokea kutoka Zambia. Mtu anayejua kuotesha mche imara, kumwagilia kwa kipimo na kutambua jani linaloanza kuugua kabla halijawa na doa, anaweza kujenga kibanda cha nailoni uani na kuwauzia majirani miche ya nyanya, kabichi na biringanya. Udongo wa kichuguu unao bure. Changanya na samadi iliyooza. Kazi hiyo haitakutajirisha, na mwaka wa kwanza utaua miche mingi. Lakini utafungua mlango asubuhi bila kuangalia nyuma, na mama wa nyumba atasimama karibu nawe.

Kuhusu taa, mwambie mkeo ukweli. Anza na Johannesburg, umalizie na kopo. Atakasirika zaidi kwa sababu ya vifaranga kuliko kwa sababu ya bangi, na ana haki. Ukitaka, taa zitumike kwa vifaranga kweli, kama zinatoa joto. Kama hazitoi, uza.

Mtoto atarudi Julai kwa likizo. Ni kijana, na kichwa cha kijana ndicho bangi inachokiharibu kwa urahisi zaidi. Chumba ni chake. Akute kitanda chake humo. Na zile mbegu usimgawie rafiki wala usizifukie uani, zitaota. Zitie kwenye moto wa makaa leo, kabla ya zamu.