Shauri la Madai: Nani Hulipa, na Maskini Afanyeje?

Watu wengi huiogopa mahakama kana kwamba ni nyumba ya matajiri. Mtu akinyang'anywa shamba, au mjane akifukuzwa na shemeji zake, husema: "Sina fedha ya wakili, na waichukue." Hivyo haki hupotea, si kwa kuwa sheria imeikataa, bali kwa kuwa mwenyewe hakubisha hodi. Yafaa basi kila jamaa ijue jinsi shauri la madai liendeshwavyo, na gharama zake hutoka wapi.

Katika jinai Serikali ndiyo ishtakiyo. Katika madai sivyo. Mdai mwenyewe hufungua shauri, hulipa ada, huleta mashahidi na hati zake, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Hakimu hamtafutii ushahidi. Kazi yake ni kuupima ule ulioletwa na pande zote mbili.

Tena shauri hupanda ngazi. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Jamaa yake wa kiume alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo, akisema kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilimkubalia, ikaamuru fedha zirudishwe. Mwanamke yule hakukata tamaa. Alikata rufaa katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akashinda. Ndipo jamaa yake naye alipopanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliitupa rufaa hiyo, akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke haipatani na haki zilizomo katika Katiba.

Tuangalie vema jambo hili. Mwanamke yule alishindwa mara ya kwanza. Kama angeketi nyumbani akilia, hukumu ile ya kwanza ingesimama. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30 tu. Hata kufungua shauri kuna muda wake: madai ya ardhi miaka 12, ya mkataba miaka 6. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Siku hizi migogoro ya ardhi ina njia yake, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002. Mtu wa Usagara, wilayani Misungwi, mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, aanze katika Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo hupatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, au siku 30 zikipita bila suluhu, mdai huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiporidhika na uamuzi wa huko, anazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Sasa, nani hulipa? Mwanzoni kila upande hujigharimia ada na wakili wake. Mwishoni mahakama yaweza kumwamuru aliyeshindwa amlipe mwenzake gharama. Kwa hiyo anayemburuta jirani yake mahakamani kwa chuki tu, ajue kwamba huenda akauza ng'ombe wake kulipia chuki hiyo. Suluhu ya haki ni nafuu kuliko ushindi wa miaka kumi.

Na maskini je? Yeye hakusahauliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yataka asiye na uwezo apewe ushauri na utetezi bila malipo. Hata katika shauri la madai, jaji au hakimu akiona kwamba haki yadai mtu asaidiwe, naye hana uwezo, aweza kuagiza apatiwe msaada huo. Sheria hiyo pia imewatambua wasaidizi wa kisheria vijijini: hueleza sheria, husaidia kuandika maombi, na huonyesha pa kuanzia. Lakini si mawakili, wala hawana ruhusa ya kumsimamia mtu mahakamani. Mtu akijiita msaidizi wa kisheria kisha akakudai fedha, mkimbie. Ukitaka kuwajua wa kweli, uliza katika ofisi ya halmashauri yako, kwa maana wasajili wasaidizi wa watoa msaada huo wamewekwa huko.

Basi, wazazi, hifadhini hati za mashamba, stakabadhi na wosia mahali pakavu na salama. Waambieni watoto, wa kike na wa kiume, kilicho chao na mahali hati zilipo. Na siku ya hukumu mbaya ikija, omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo, uandike tarehe yake, kisha uanze kuhesabu siku.