Mgonjwa wa Saratani na Dawa Yake: Lipi Huvumiliwa, Lipi Halingojewi



Zamani mgonjwa wa saratani wa Nakuru, Molo au Subukia alikuwa hana budi kufunga safari ya Nairobi, kwenye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hii leo, alhamdulillahi, dawa za kemotherapi hutolewa papa hapa Nakuru, katika hospitali kuu ya serikali ambayo wengi wangali wakiiita PGH. Mgonjwa hutiwa dawa mshipani, na aghalabu hurudi kwake siku ile ile. Basi madhara ya dawa humkuta nyumbani, na kwa hiyo elimu yake yapasa iwe nyumbani pia. Ndiyo maana tumeona tuifanye darasa letu.

Dawa hii huua seli zinazozaliana kwa haraka, na hiyo ndiyo tabia ya saratani. Lakini mwilini zimo seli njema zenye tabia hiyo hiyo: za mizizi ya nywele, za kinywa na matumbo, na za uboho unaofanya damu. Ndipo nywele zikapukutika, kinywa kikafanya vidonda, na tumbo likachafuka. Huo si uchawi, wala si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mwenye kuacha matibabu katikati kwa dhana hiyo huupa ugonjwa nafasi.

Kwanza, kichefuchefu: vidonge vya kuzuia kutapika vinywewe kwa saa zilizoandikwa, visingoje kutapika kuanze. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi.

Pili, kinywa: kisukutuliwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na mswaki uwe laini.

Tatu, nywele: aghalabu huota tena matibabu yaishapo.

Nne, miti shamba: asitumie kabla ya kumwambia daktari, kwani baadhi yake hugombana na dawa.

Hayo huvumiliwa. Lisilongojewa ni homa. Kwa kawaida, baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, hupungua mno, na maradhi madogo huweza kuua upesi. Kwetu mtu akishikwa na homa husema ni malaria, akanunua vidonge dukani, akalala. Kwa mgonjwa huyu huko ni kujiangamiza. Kipimajoto kikifika 38, au akitetemeka kwa baridi, aende hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane, wala asingoje siku ya kliniki. Afikapo tu aseme kwamba anatiwa dawa za saratani. Asitangulize parasetamoli, kwani huificha homa na sababu ikabaki.

Na sisi tuna wajibu wetu. Kumzuru mgonjwa ni haki yake. Lakini mwenye mafua amsalimu kwa simu, na aingiaye anawe mikono. Wala tusimtie haya akila mchana wa Ramadhani, kwani ruhusa yake imo katika Suratul-Baqara.

Basi kila nyumba yenye mgonjwa iweke tayari vitu vitatu: kipimajoto, nambari ya simu ya hospitali, na nauli ya usiku.

Wabillahi tawfiq.