Somo: Kuchagua Transfoma Inayolingana na Mzigo

Mahindi ni zao kubwa la wakulima wa Tunduma na vijiji vya Momba na Mbozi. Chama cha msingi chenye mashine zake huweza kuuza unga badala ya nafaka tupu. Lakini transfoma ikielemewa wakati wa mavuno, mashine husimama, na deni la mkopo halisimami. Kwa hiyo yafaa katibu na wanachama waujue mzigo wao kabla ya kuomba umeme.

Transfoma ya mtaani hushusha umeme wa volti 33,000 au 11,000 hadi volti 400 za fezi tatu. Ukubwa wake hupimwa kwa kilovolti-ampea, yaani KVA, wala si kwa kilowati. Mota huvuta umeme mwingi kuliko kazi inayoifanya; ndiyo sababu KVA huzidi kilowati zilizoandikwa kwenye kibao cha mota.

Tuseme chama kina mota ya kusaga ya kilowati 22, mota ya kukoboa ya kilowati 15, na taa pamoja na ofisi kilowati 3. Hesabu huenda hivi:

1. Mota zote mbili: 22 + 15 = 37. Gawanya kwa 0.9, kwa ajili ya nguvu inayopotea ndani ya mota: kilowati 41.
2. Ongeza taa na ofisi: 41 + 3 = 44.
3. Gawanya kwa 0.8, ili kupata KVA: 55.

Basi transfoma ya KVA 50 haitoshi. Inayofuata kwa kawaida ni ya KVA 100. Hata hivyo, chama kikiamua kwamba mashine hizo hazitafanya kazi pamoja, mzigo mkubwa huwa KVA 34 tu, na ile ya 50 hutosha. Uamuzi huo ni wa mkutano, na sharti mwendesha mashine auheshimu.

Pia mota inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita hivi ya ule wa kawaida. Stata ya nyota-delta huupunguza hadi theluthi moja. Mota ziwashwe moja baada ya nyingine.

Transfoma kubwa mno nayo ni hasara: bei yake ni kubwa, na hula umeme usiku na mchana hata pasipo kazi. Iachwe nafasi ya kukua, lakini kwa kiasi.

Katibu aandike orodha ya vibao vyote, aipeleke kwa fundi mwenye leseni na TANESCO, kisha nakala yake iwekwe katika jalada la chama.

Swali la kujadili: Chama hicho kikiongeza mota ya kilowati 30, na zote zikafanya kazi pamoja, je, transfoma ya KVA 100 itabakiwa na nafasi?