"Kufua Samaki" na "Kitabu Yangu": Makosa Mawili, Asili Mbili

Walimu wengi wa Kiswahili katika kaunti za Migori na Homa Bay hukereka wasikiapo mwanafunzi akisema kwamba mvuvi "amefua samaki" au abiria "anataka kusuka" Rongo. Chanzo cha kosa hili ni bayana. Dholuo haina fonimu /v/ wala /ʃ/, hivyo msemaji hukimbilia /f/ na /s/ alizozizoea. Maana huharibika, kwani kufuliwa ni kwa nguo na kusukwa ni kwa nywele.

"Kitabu yangu" ni suala jingine. Ni kweli kwamba Dholuo, ikiwa lugha ya Kiniloti, haina ngeli za Kibantu. Hata hivyo, kauli iyo hiyo husikika Nairobi vinywani mwa Wakikuyu na Wakamba, ambao lugha zao zina ngeli tele. Lawama basi haiwezi kutupiwa Dholuo peke yake; Kiswahili cha mitaani nacho kinafundisha. (Ajabu ni kwamba wanaocheka "kusuka Rongo" hawacheki "kitabu yangu", wengine huisema wenyewe.)

Kosa la kwanza hutibiwa kwa kusikiliza na kutamka jozi kama vua na fua, shuka na suka. La pili lahitaji sentensi nzima, mathalani "kitabu changu kipya kimepotea", zikirudiwa hadi upatanisho uzoeleke ulimini.