Ganzi, Kutetemeka na Kuanguka: Usianze Upya Kila Hospitali
Kijitabu cha elimu ya afya kwa wakazi wa Isecheno na vijiji vinavyopakana na Msitu wa Kakamega

Kwa nini tunakuandikia

Malalamiko ni yale yale. "Nimepimwa malaria mara nne, sina." "Wamesema sina kitu, na mguu bado unakufa ganzi." Wapo wanaosema hospitali zinakula pesa za watu bure. Tumeyasikia yote. Lakini mara nyingi anayelalamika hana hata karatasi moja ya kule alikoanzia. Alitoka zahanati bila kurudi kuchukua majibu, akaenda duka la dawa, kisha kwa mganga, kisha kwenye maombi, halafu akaingia hospitali nyingine kana kwamba ni mgonjwa wa leo. Daktari naye akaanza tena na malaria.

ONYO: Usianze upya. Beba karatasi zako zote. Rudi kwa majibu.

Ugonjwa ambao haujapata jina

Ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu vikipata hitilafu, dalili moja huweza kuwa na sababu nyingi. Ganzi ya miguu inaweza kutokana na kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, VVU, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazid inapotumiwa bila vitamini B6. Mtu mzima anayeanza kuanguka kifafa anaweza kuwa na uvimbe, kovu la ajali ya bodaboda, au vifuko vya minyoo tegu ya nguruwe katika ubongo. Hata asiyekula nguruwe hupata vifuko hivyo, kwa sababu mayai ya mnyoo huyo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu na kufikia mdomo kupitia maji, mboga au mikono michafu.

Kwa hiyo daktari huondoa sababu moja baada ya nyingine. Jibu la "hatujaona kitu" maana yake sababu moja imeondolewa. Halina maana kwamba umerogwa, wala kwamba unajifanya.

Kumbukeni Shule ya Upili ya Wasichana ya Eregi. Oktoba 2023, zaidi ya wasichana 90 wa shule hiyo ya kaunti yetu walifikishwa hospitalini miguu ikiwa imewakataa. Sampuli zilipelekwa maabara za KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kabla majibu hayajatoka, video zao zilikuwa zimeshazunguka nchi nzima na watu wameshatoa hukumu zao. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa na maafisa ni taharuki ya pamoja. Ifahamike: mwili unaweza kushindwa kutembea kwa kweli hata pale ambapo kipimo hakionyeshi kidonda chochote. Hali hiyo inatibika kwa mazoezi ya viungo na ushauri. Kejeli huizidisha.

Dalili zisizongoja hata usiku mmoja

Nenda hospitali mara moja, bila kusubiri barua ya rufaa, ukiona:

- mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafla: hizo ni dalili za kiharusi;
- homa pamoja na shingo kukakamaa, au mgonjwa kuchanganyikiwa;
- degedege linalopita dakika 5, au linalorudi kabla mgonjwa hajazinduka;
- udhaifu unaopanda kutoka miguuni na kufanya pumzi kuwa nzito;
- kope kulegea na ulimi kuwa mzito baada ya kuumwa na nyoka;
- mtoto wa chini ya miaka 15 kulegea kiungo ghafla. Huyu lazima aripotiwe na apimwe choo mara mbili, ili kuhakikisha si polio.

Anayeanguka kifafa mlaze ubavu, tazama saa, ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko mdomoni.

Sema yote

Hapa ndipo watu wengi wanapojiangusha. Mwambie daktari umekunywa nini, umefanya kazi gani, umeumwa na nini. Taja chang'aa. Taja magome na mizizi ya msituni. Taja mbwa aliyekung'ata miezi iliyopita, hata kama kidonda kimepona.

Taja dhahabu pia. Kakamega imechimba dhahabu tangu miaka ya 1930, na hadi leo wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo, ukaleta kutetemeka, usahaulifu na hasira zisizo na sababu. Anayechomea jikoni huwavutisha mvuke huo mke na watoto. Kipimo cha malaria hakitaionyesha zebaki kamwe, na daktari hatafikiria kuitafuta usipomwambia. Hatumpeleki polisi anayekuja kutibiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Safari ya vipimo

Kwa dalili zisizo za dharura, anza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako. Serikali iliwapa wahudumu takriban 100,000 nchini vifaa vya kazi mwaka 2023. Kutoka zahanati au kituo cha afya utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya 4, kisha Hospitali Kuu ya Kaunti mjini Kakamega. Ikibidi, utatumwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Nunua daftari moja. Andika tarehe, dalili ilivyoanza, ilidumu muda gani, na kila dawa uliyopewa. Jamaa akiwa na simu, arekodi tukio la kuanguka. Kifafa hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Skani inaweza kutoka safi na kifafa kikawepo. Video hiyo ni ya daktari, si ya WhatsApp.

Usikimbie kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Uvumi kwamba kinalemaza umewatoa watu wodini wakiwa na homa ya uti wa mgongo. Sindano huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia juu yake.

Ukipewa dawa ya kifafa, usiiache kwa sababu mwezi umepita bila kuanguka. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

ONYO TENA: Usianze upya. Karatasi iliyopotea ni kipimo cha kulipia mara ya pili.

Malipo

Tangu 1 Oktoba 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Jisajili kwa *147# ukiwa na kitambulisho. Ukishajisajili, huduma za zahanati na vituo vya afya hazihitaji mchango. Ngazi ya 4 kwenda juu huhitaji mchango uliolipwa. Si kila kipimo kinagharamiwa kikamilifu, kwa hiyo uliza kabla ya kupimwa.

Neno la mwisho

Kuomba hatukukatazi. Omba, lakini uwe na daftari mkononi na tarehe ya kliniki kichwani. Ukikosa tarehe hiyo, nenda kesho yake, katika hospitali ile ile, na karatasi zile zile. Usianze upya.